Chema Hakidumu: Dinari za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Roma (49–31 KK) na Suala la Kuzikusanya

Ikisiri

Makala haya yanaeleza sarafu za fedha zilizopigwa na pande zilizohasimiana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Roma, tangu Julius Caesar alipovuka mto Rubicon mwaka 49 KK hadi Marcus Antonius aliposhindwa huko Actium mwaka 31 KK. Yanafafanua kwa nini sarafu hizo zilipigwa kwa wingi, namna zinavyosomwa, na sababu zilizofanya baadhi yake zidumu katika matumizi kwa zaidi ya karne mbili. Hoja kuu ni kwamba sarafu ya vita ina ushahidi wa aina mbili: ule ulioandikwa juu ya uso wake na ule uliomo katika mahali ilipofukiwa pamoja na sarafu nyingine. Mkusanyaji huweza kuuhifadhi ushahidi wa kwanza kwa uangalifu mkubwa, na papo hapo akachangia kuupoteza wa pili. Makala yanahitimisha kwa kuonesha masharti yanayoufanya ukusanyaji uwe msaada kwa elimu.

1.0 Utangulizi

Neno dinari halina ugeni kwa msomaji wa Kiswahili. Limeingia katika lugha hii kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea, kwa njia ya Kigiriki na lugha za Mashariki ya Kati, kutoka neno la Kilatini denarius. Hilo ndilo lililokuwa jina la sarafu ya madini ya fedha iliyoanza kupigwa Roma yapata mwaka 211 KK, wakati wa vita dhidi ya Hannibal. Katika karne ya kwanza KK dinari moja ilikuwa na thamani ya sesterti nne. Uzito wake wa kisheria ulikuwa sehemu moja ya 84 ya ratili ya Kirumi, yaani karibu gramu 3.9, na upana wake ulikaribia milimita 18 hadi 20. Ni kitu kidogo kinachofichika kwa urahisi katika kiganja cha mkono.

Kiswahili kina bahati nyingine inayosaidia kuieleza mada hii. Neno fedha hutaja madini, na neno hilohilo hutaja pesa. Kilatini nacho kilifanya hivyo kwa neno argentum. Muungano huu wa maana una historia ndani yake: kwa Mrumi, dinari ilikubalika kwa sababu ya alama ya dola iliyopigwa juu yake na pia kwa sababu ya madini yaliyokuwamo. Wakati wa amani mambo haya mawili yalikwenda pamoja, na watu wachache walisumbuka kuyatofautisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliyatenganisha. Alama zilikuwa nyingi na zilipingana, kila jemadari akidai kuwa yeye ndiye dola. Madini nayo yalianza kupungua.

Sarafu za kipindi hicho leo ziko katika makumbusho mengi duniani, lakini nyingi pia ziko mikononi mwa watu binafsi wanaozinunua, kuzipanga na kuzirithisha. Swali linaloongoza makala haya ni hili: mtu anayekusanya sarafu hizo anakusanya nini hasa, na ni kitu gani kinachoweza kumponyoka wakati sarafu yenyewe imo mkononi mwake?

2.0 Majemadari na Mahitaji ya Fedha

Sababu ya kwanza ya kupigwa kwa sarafu hizi ni mishahara. Julius Caesar aliuongeza maradufu mshahara wa askari, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa baada ya ongezeko hilo askari wa kawaida alipata dinari 225 kwa mwaka. Kikosi kikubwa kilichoitwa lejioni, kikiwa kimetimia, kilikuwa na askari wapatao 5,000. Kwa hesabu hiyo, lejioni moja ilihitaji zaidi ya dinari milioni 1.1 kwa mwaka, sawa na takriban tani 4.4 za fedha, kabla ya kuhesabu mishahara ya maofisa, chakula, farasi na zawadi za ushindi. Zawadi hizo hazikuwa ndogo. Waandishi Appianus na Cassius Dio wanasema kwamba katika sherehe za ushindi za mwaka 46 KK Caesar alimpa kila askari wake mkongwe kiasi cha dinari 5,000, yaani mshahara wa zaidi ya miaka 20.

Mtu aliyetaka kushinda vita vya namna hiyo alipaswa kwanza kupata fedha. Caesar aliivuka Rubicon Januari 49 KK. Pompeius na maseneta waliomuunga mkono waliondoka Roma kwa haraka kubwa hata wakaiacha hazina ya dola katika hekalu la Saturnus. Lucius Metellus, mmoja wa watetezi wa umma, alijaribu kumzuia Caesar asiichukue, akashindwa. Plinius Mkubwa anaandika kwamba Caesar alitoa humo matofali 15,000 ya dhahabu, matofali 30,000 ya fedha na sesterti milioni 30 za sarafu.

Sarafu inayohusishwa na miezi hiyo ni dinari ya tembo. Upande mmoja tembo anakanyaga kitu kilichonyanyuka mbele yake, ambacho wataalamu wengine hukiona kuwa nyoka na wengine tarumbeta ya vita ya Wagalia. Chini yake limeandikwa neno moja tu: CAESAR. Upande wa pili una vyombo vya kikuhani, kwa kuwa Caesar alikuwa kuhani mkuu wa Roma tangu mwaka 63 KK. Desturi ya Jamhuri ilikuwa kwamba sarafu hupigwa na maofisa vijana waliochaguliwa kwa kazi hiyo, nao huweka majina yao na sifa za koo zao. Dinari ya tembo haina jina la ofisa huyo. Jemadari amechukua nafasi ya dola, na maandishi yanasema hivyo waziwazi.

Wapinzani wake walifanya vivyo hivyo. Baada ya Pompeius kushindwa Pharsalus mwezi Agosti 48 KK na kuuawa Misri, wafuasi wake walijikusanya katika jimbo la Kirumi la Afrika, ambalo leo ni sehemu ya Tunisia. Huko jemadari Metellus Scipio alipiga dinari yenye mungu wa kike mwenye kichwa cha simba na herufi G·T·A, ambazo kwa kawaida husomwa kuwa ni kifupi cha jina la roho mlinzi wa Afrika. Cato alipiga zake zenye sanamu ya Ushindi aliyeketi. Mfalme Juba wa Kwanza wa Numidia, mshirika wao, alipiga dinari zake mwenyewe zenye maandishi ya Kilatini upande mmoja na ya Kipuniki upande mwingine. Mwezi Aprili 46 KK walishindwa Thapsus, Cato akajiua huko Utica. Ushindi uliotangazwa juu ya sarafu zake haukutokea.

Mwanzoni mwa mwaka 44 KK sura ya Caesar ilionekana juu ya dinari za Roma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kiwanda cha sarafu cha jiji hilo kuweka sura ya Mrumi aliye hai. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo aliuawa. Tukio hilo wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua kupitia tamthiliya ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere na kuchapishwa mwaka 1963. Brutus, aliyekuwa miongoni mwa wauaji, alipiga sarafu kati ya mwaka 43 na 42 KK akiwa safarini na jeshi lake mashariki. Upande mmoja una sura yake mwenyewe. Upande wa pili una majambia mawili, katikati kofia waliyovaa watumwa walioachwa huru, na chini maandishi EID MAR, yaani Idi ya Machi. Cassius Dio aliitaja sarafu hiyo katika historia yake, jambo ambalo ni nadra kwa sarafu za kale. Ni vigumu kutoona mkanganyiko wake: mtu aliyeua kwa sababu ya kuipinga enzi ya mtu mmoja aliweka sura yake mahali palepale alipoiweka aliyeuawa.

Sextus Pompeius naye, mwana wa Pompeius, aliishika Sicilia na kuzuia nafaka isifike Roma. Alipiga dinari zenye mnara wa taa wa Messana na Skila, jini la baharini la masimulizi ya kale, kwa kuwa nguvu yake ilikuwa baharini. Tukizitazama sarafu hizi zote pamoja, tunaona jambo moja. Kiwanda cha sarafu hakikuwa tena jengo moja mjini Roma. Kilikuwa mzigo uliosafiri na jeshi, na sarafu ilipigwa pale askari walipokuwa wakisubiri kulipwa.

3.0 Namna Sarafu Inavyosomwa

Dinari ilipigwa kwa mkono. Muhuri wa chini, ambao kwa kawaida ulibeba sura au picha kuu, ulikazwa katika fuawe. Kipande cha fedha kilichopimwa uzito kiliwekwa juu yake, kisha muhuri wa pili ukashikwa juu ya kipande hicho na kugongwa kwa nyundo. Kwa sababu hiyo hakuna dinari mbili zinazofanana kabisa. Picha huweza kukaa upande, herufi zikakatika ukingoni, au pigo likawa hafifu upande mmoja. Sarafu zilizopigwa kwa muhuri mmoja hutambulika kwa dosari ndogo za mchoro zinazojirudia. Mtaalamu anayelinganisha sarafu nyingi huweza kuhesabu mihuri iliyotumika, na kwa njia hiyo kupata fununu ya ukubwa wa toleo zima.

Msomaji wa sarafu huanza na mambo manne. La kwanza ni maandishi, ambayo hufupishwa sana. La pili ni picha. La tatu ni uzito na hali ya madini. La nne ni uchakavu, kwa kuwa sarafu iliyozunguka mikononi kwa miaka mingi hulika kuanzia sehemu zilizoinuka. Juu ya baadhi ya dinari kuna alama ndogo zilizogongwa baadaye. Nyingi za alama hizo hudhaniwa kuwa za wabadilisha fedha waliotaka kuhakikisha kwamba sarafu ni fedha hadi ndani. Hofu yao ilikuwa na msingi. Zilikuwapo dinari zenye kiini cha shaba kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la fedha, na tabaka likichubuka shaba huonekana hadi leo.

Kitabu kinachotumiwa zaidi katika kuzitambua sarafu hizi ni orodha ya Michael Crawford iliyochapishwa mwaka 1974. Kabla yake, orodha ya Ernest Babelon ya karne ya 19 ilizipanga kwa majina ya koo. Crawford alizipanga kwa miaka, na katika kufanya hivyo alitegemea sana hazina zilizofukiwa: sarafu inayokosekana katika hazina ya zamani na kuonekana katika hazina ya baadaye lazima ilipigwa kati ya nyakati hizo mbili. Kwa maneno mengine, tarehe ambayo mkusanyaji huiandika leo chini ya sarafu yake mara nyingi imetokana na mashimo ardhini ambayo yeye hakuyaona.

4.0 Sarafu Hafifu Iliyodumu

Mfano unaofaa zaidi kueleza mwendo wa dinari za vita ni ule wa sarafu za lejioni za Marcus Antonius. Alizipiga mwaka 32 na 31 KK alipokuwa akijiandaa kupambana na Octavianus, pengine huko Patrae katika Ugiriki alikokaa majira ya baridi. Upande mmoja una merikebu ya vita yenye makasia na cheo cha Antonius. Upande wa pili una tai wa lejioni katikati ya bendera mbili za vikosi, na chini au kando yake limeandikwa jina la lejioni, kuanzia LEG II hadi LEG XXIII. Baadhi ya lejioni zina majina ya ziada, kama ile ya 18 iliyoitwa LYBICAE, yaani ya Libya. Yapo pia matoleo ya walinzi wa jemadari na ya wapelelezi.

Lejioni 22, zikiwa kamili na kulipwa kwa kiwango kilichotajwa hapo juu, zingehitaji zaidi ya tani 96 za fedha kwa mwaka mmoja. Hata kama vikosi havikuwa vimetimia, mzigo ulikuwa mkubwa, na Antonius aliupunguza kwa kuchanganya fedha na madini duni. Plinius anasema alichanganya chuma. Uchunguzi wa kisasa umeonesha kuwa kilichoongezwa ni shaba. Kwa vyovyote vile, habari ya udhaifu wa sarafu hizo ilijulikana, na bado ilikuwa ikisimuliwa karne moja baada ya Antonius kufa.

Hapa ndipo penye jambo linaloonekana kama kinyume. Methali husema chema hakidumu, na historia ya dinari inaithibitisha kwa namna isiyotarajiwa. Mwaka 64 BK Kaisari Nero alipunguza uzito wa dinari kutoka sehemu moja ya 84 hadi sehemu moja ya 96 ya ratili, na akapunguza pia kiasi cha fedha kilichokuwamo. Tangu hapo dinari za zamani zilizokuwa safi zilistahili zaidi kama madini kuliko kama pesa. Watu walizificha au kuziyeyusha, na kwa mujibu wa Cassius Dio, Kaisari Trajanus naye aliziyeyusha sarafu za zamani zilizochakaa. Sarafu za Antonius hazikuwa na faida hiyo. Ubora wake ulikaribiana na ule wa sarafu mpya, hivyo hakuna aliyeona haja ya kuziondoa sokoni. Ziliendelea kupita mkono kwa mkono hadi merikebu ikabaki kivuli na tai akafutika, ila alama ya LEG na tarakimu zake zikiendelea kuonekana.

Kuwapo kwake sokoni kulizoeleka kiasi kwamba Marcus Aurelius na Lucius Verus, waliotawala pamoja katika karne ya pili BK, walitoa toleo la kumbukumbu la sarafu ya lejioni ya sita, wakilitaja jina la Antonius na kutangaza kwamba wao ndio walioirudisha. Baadaye, kufikia miaka ya Septimius Severus, dinari mpya ilikuwa imeshuka hadi takriban nusu tu ya fedha. Sasa ile sarafu iliyodharauliwa ikawa nzuri kuliko zote zilizokuwa mkononi, nayo ikaanza kufichwa na kutoweka kama zilivyotoweka nyenzake safi.

Ndiyo maana sarafu hizi leo hupatikana kwa wingi, na mara nyingi zikiwa zimelika sana. Mkusanyaji anayeanza huweza kuipata moja kwa bei ya wastani na kujiwekea lengo la kutafuta lejioni zote. Uchakavu anaouona, ambao katika sarafu nyingine ungekuwa dosari tu, katika hizi ni sehemu ya ushahidi. Unaeleza kwamba mshahara wa askari walioshindwa ulitumika katika masoko ya dola iliyojengwa na mshindi, kwa vizazi saba au vinane.

5.0 Hazina Zisizorudiwa na Wenyewe

Katika ulimwengu usio na benki kwa watu wa kawaida, ardhi ndiyo iliyokuwa mahali pa kuweka akiba. Mtu aliweka sarafu zake katika chungu au mfuko, akachimba chini ya sakafu au kando ya mti alioujua, akafukia. Alipohitaji alichimbua. Akiba nyingi za namna hiyo hatuzijui, kwa sababu wenyewe walizirudia. Zinazopatikana leo ni zile ambazo mwenyewe hakurudi.

Mwaka 1969 Crawford aliziorodhesha hazina za Italia za wakati wa Jamhuri kwa kufuata tarehe ya sarafu ya mwisho iliyomo katika kila moja. Alionesha kwamba idadi ya hazina zisizorudiwa hupanda katika miaka ya vita ndani ya Italia na kushuka katika miaka ya amani. Sababu si kwamba watu waliweka akiba zaidi wakati wa vita tu. Ni kwamba wakati wa vita wengi wa waliofukia waliandikishwa jeshini, wakakimbia, au wakafa. Miaka ya arubaini KK, iliyokuwa na vita mfululizo na orodha za watu waliohukumiwa kuuawa bila kesi baada ya Novemba 43 KK, imo miongoni mwa miaka hiyo. Mwaka 2009 Peter Turchin na Walter Scheidel waliutumia uhusiano huohuo kama kipimo katika mjadala mgumu kuhusu idadi ya watu wa Italia wakati huo.

Hivyo basi hazina ni hati ya aina yake. Haitaji jina la mtu, lakini inasema kwamba mtu fulani, katika mwaka unaokadirika, alikuwa na akiba ya kiasi fulani na hakuweza kuirudia. Hati hiyo husomeka pale tu sarafu zote zinapobaki pamoja, au walau zinapohesabiwa na kuandikwa kabla ya kutawanywa. Sarafu moja iliyotolewa humo na kuuzwa bila maelezo bado itatuambia kwamba ilipigwa na Caesar au Antonius. Haitatuambia tena ilifukiwa lini, ikiwa pamoja na zipi, wala kwamba mwenyewe hakurudi.

Ugunduzi wa Shapwick, katika jimbo la Somerset nchini Uingereza, unaonesha tofauti inayoweza kufanywa na taarifa. Mwaka 1998 dinari 9,238 zilipatikana shambani kwa kutumia kifaa cha kutambua madini. Za mwanzo kabisa zilikuwa za Marcus Antonius, na ya mwisho ilipigwa mwaka 224 BK chini ya Severus Alexander. Kwa kuwa wagunduzi walitoa taarifa, wataalamu walilichunguza eneo hilo na kukuta kwamba hazina ilikuwa imefukiwa ndani ya nyumba kubwa ya Kirumi ambayo haikujulikana kabla ya hapo. Sarafu zikabaki pamoja katika makumbusho ya jimbo hilo. Laiti zingeuzwa kimyakimya mojamoja, dunia ingekuwa na dinari 9,238 zaidi sokoni, na nyumba isiyojulikana ingeendelea kutojulikana.

6.0 Ukusanyaji: Faida, Hatari na Wajibu

Itakuwa makosa kumtazama mkusanyaji kama adui wa elimu. Taaluma ya sarafu ilizaliwa mikononi mwa wakusanyaji. Mwaka 1354 mshairi Petrarca alimpa mfalme Karl wa Nne sarafu za kale za makaisari akimsihi afuate mfano wa wale walioonekana juu yake. Max von Bahrfeldt, aliyekuwa jenerali wa jeshi la Ujerumani, alikuwa miongoni mwa wachunguzi makini wa sarafu za Jamhuri ya Roma. Makumbusho mengi makubwa ya Ulaya yamejengwa juu ya makusanyo ya watu binafsi yaliyotolewa au kununuliwa. Mtu anayeikagua sarafu kwa miaka mingi na kuilinganisha na nyingine huweza kuona muhuri au herufi iliyowapita wengine.

Hata hivyo kazi hiyo ina hatari zake, na ya kwanza ni ya kughushi. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, alichonga mihuri ya sarafu za kale kwa ustadi mkubwa, na kazi zake ziliwahadaa wengi. Njia iliyo rahisi zaidi ni kumimina madini katika kalibu iliyotokana na sarafu halisi. Sarafu ya namna hiyo huwa na vishimo vidogo vya hewa, herufi zilizolegea, na wakati mwingine mstari wa kiungo ukingoni. Sarafu mbili zenye dosari zilezile za ukingo na pigo lilelile la kwenda upande ni za kutiliwa shaka, kwa kuwa nyundo ya mkono haikurudia pigo. Hatari ya pili ni usafishaji. Fedha iliyokaa ardhini kwa miaka 2,000 huweza kuwa dhaifu na kuvunjika, na kuisugua huondoa michoro pamoja na uchafu.

Hatari ya tatu ndiyo kubwa kuliko hizo, nayo inahusu asili ya sarafu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 ulizitaka nchi wanachama kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni. Nchini Italia vitu vya kale vinavyopatikana ardhini ni mali ya dola. Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini zinafuata Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayomlazimu mgunduzi kutoa taarifa, na makumbusho yakiitaka hazina hulipwa fidia. Sheria hizi hazifanani, lakini zote zinatambua kwamba kitu kilichotoka ardhini bila kumbukumbu kimepoteza sehemu yake isiyorudishika.

Kisa cha sarafu ya Brutus kinalieleza hilo vizuri. Toleo la EID MAR lilipigwa zaidi kwa fedha, na kwa dhahabu ni chache mno zinazojulikana. Mwaka 2020 mojawapo ya zile za dhahabu iliuzwa mnadani London kwa bei iliyozidi dola milioni 4, ikiwa na maelezo kwamba ilitoka katika mkusanyo wa zamani wa Ulaya. Baadaye uchunguzi wa waendesha mashtaka wa New York ulibaini kuwa maelezo ya umiliki wake yalikuwa ya uongo, na mwezi Machi 2023 sarafu hiyo ilikabidhiwa kwa Ugiriki. Sarafu yenyewe imerudi. Shimo ilimotoka, chombo ilimokuwamo na sarafu zilizokuwa kando yake, kama zilikuwapo, havitarudi. Kuna uwezekano kwamba palepale palikuwa na habari za jeshi la Brutus katika miezi yake ya mwisho kabla ya Filipi, na habari hizo zimepotea kwa sababu kitu kimoja kati ya vyote kilionekana kuwa na bei.

Kutokana na hayo, mkusanyaji makini huuliza maswali kabla ya kutoa pesa. Sarafu ilipatikana wapi? Ilikuwa mikononi mwa nani, tangu lini, na kuna hati gani za kuthibitisha: orodha ya mnada wa zamani, picha, stakabadhi? Ilitoka katika hazina, na kama ndivyo, hazina hiyo iliandikwa? Asipopata majibu huiacha. Anapoipata sarafu yenye majibu, huyatunza majibu hayo pamoja nayo, akijua kwamba bahasha ya karatasi iliyoandikwa na mkusanyaji wa miaka 100 iliyopita huweza kuwa na thamani ya kielimu inayolingana na ya sarafu yenyewe. Huzipima, huzipiga picha na kuzitolea taarifa kwa watafiti. Kwa namna hiyo mkusanyo wake huwa sehemu ya kumbukumbu ya wote, ingawa sarafu zimo sandukuni mwake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba dinari za miaka ya 49 hadi 31 KK zilizaliwa na haja ya kuwalipa askari, na kwamba majemadari walizitumia pia kudai mamlaka ambayo hawakuwa wamekabidhiwa na mtu. Yameonesha pia kuwa kudumu kwa sarafu hakutegemei ubora wake peke yake: zilizo safi ziliyeyushwa, na zile hafifu za Antonius zikabaki kwa sababu hazikuwa na kitu cha kuwatamanisha wayeyushaji. Juu ya yote, yameonesha kuwa sehemu kubwa ya ujuzi tulio nao kuhusu kipindi hicho imetokana na akiba za watu wasiojulikana ambao hawakurudi kuzichimbua.

Mwenye kuishika dinari kama hiyo leo ameipokea, kwa njia ndefu, kutoka kwa mmoja wa watu hao. Askari aliyelipwa kwayo alijua ni lejioni ipi, na mtu aliyeifukia alijua ni chini ya mti upi. Jina la lejioni limehifadhiwa na muhuri. Habari ya mti hutegemea uaminifu wa aliyeichimbua na wa kila aliyeipokea baada yake.